Elisha Aliiendea Chemchemi

Somo: 2 Wafalme 2:19–22



Watu wa Yeriko walimwendea nabii Elisha na shauri lao. Hawakuomba mali, wala hawakuja kumshitaki mtu. Walimwonyesha mji wao, wakakiri ya kuwa mahali pake ni pazuri, kama yeye mwenyewe alivyoweza kuona. Walakini maji yake yalikuwa mabaya, na nchi ilikuwa ikipoteza uzao wake. Nabii akataka chombo kipya kilichotiwa chumvi. Kisha, na hapa ndipo nipendapo tusimame kidogo, hakwenda nyumba kwa nyumba akitia chumvi katika mitungi. Hakuwaambia akina mama wachuje maji kwa kitambaa, wala hakuwaambia wagonjwa wavumilie. Alitoka akaiendea chemchemi yenyewe, mahali maji yanapobubujika katika nchi, akaitupa chumvi pale pale kwa neno la Bwana. Maji yakaponywa siku moja kwa ajili ya wote, tajiri na maskini, mzee na mtoto aliye bado tumboni.

Nataka kuliweka neno hili mbele yenu pamoja na jambo ambalo mtu hatazamii kulisikia mimbarini, yaani habari ya mafuta: petroli, dizeli na mafuta ya taa. Najua wako watakaosema, "Mchungaji ameacha Injili, ameshika biashara ya vituo vya mafuta." Lakini nabii naye alishika habari ya maji, kwa sababu mauti ilikuwa ndani ya maji. Leo watoto wengi wa dunia hii hudhurika kwa hewa waivutayo, na sehemu ya ubaya wa hewa hiyo hutoka katika mafuta yachomwayo ndani ya motokaa. Basi tuulize, chemchemi ya ubaya huo i wapi, na nani atakayeiendea?

Sisi wa Kigwa tunakaa njiani tangu zamani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, na kutoka huko hata Ujiji, ilipita katika nchi hii. Burton na Speke waliifuata mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, wakitanguliwa na maelfu ya wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa katika kitabu cho chote. Kisha reli ilifika Tabora mwaka 1912, na katika siku zetu barabara ya lami. Nguo, shanga, baruti na risasi zilipita mbele ya baba zetu kwa mabega ya watu; mbele yetu hupita malori. Mtu akaaye njiani hujua jambo moja vizuri: ya kwamba mzigo huweza kutoka pwani ukiwa mwema na kufika bara ukiwa kitu kingine. Neno hili litatufaa baadaye.

Nimetaja risasi. Sisemi ile ya bunduki tu, bali madini yenyewe, laini na mazito, ambayo risasi za bunduki hutengenezwa kwayo. Mwaka 1921 mafundi wa kampuni ya General Motors huko Marekani, wakiongozwa katika kazi hiyo na Thomas Midgley, waligundua kwamba petroli ikitiwa dawa yenye madini hayo, injini haigongi, bali huenda kwa nguvu na kwa ulaini. Walijua pia ya kuwa spiriti itokanayo na mimea ingeweza kuizuia injini isigonge. Lakini dawa ya risasi ilitosha kwa kiasi kidogo sana, na haki ya kuitengeneza ilikuwa mikononi mwao, na faida yake vivyo hivyo. Walipoiuza waliipa jina la Ethyl, jina lisilotaja risasi hata kidogo. Mtu akilificha jina la kitu anachokiuza, huwa anakijua kitu hicho kuliko anavyotaka sisi tukijue.

Haukupita muda mrefu. Mwezi wa Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway, jimbo la New Jersey, wafanyakazi watano waliokuwa katika kazi ya dawa hiyo walikufa, na wengine walishikwa na wazimu kwa sumu yake hata ikabidi wafungwe. Mwaka 1925 mkutano uliitishwa Washington, na daktari mmoja mwanamke, Alice Hamilton, aliyeyajua magonjwa ya viwandani kuliko wengi wa wakati wake, alisema waziwazi ya kuwa risasi haifai kutiwa katika petroli. Hakusikilizwa. Risasi ikaendelea kutiwa, ikatoka katika mikia ya motokaa pamoja na moshi, ikashuka juu ya udongo na juu ya mboga, ikaingia katika damu ya watoto. Na katika mtoto hudhuru ubongo, akawa mzito wa kujifunza bila mzazi wake kujua sababu. Waganga wa leo hawajui kiasi cho chote cha risasi katika damu ya mtoto ambacho waweza kusema hakina madhara. Ni wazazi wangapi wa Dar es Salaam na Nairobi waliowapiga watoto wao kwa uvivu wa darasani, na kumbe uzito ule, au sehemu yake, ulitoka barabarani?

Sasa angalieni jinsi ilivyoponywa. Mtu mmoja mmoja asingaliweza kujiponya. Mwenye motokaa hakuwa na njia ya kuichuja risasi katika tangi lake. Mama aliyekaa kando ya barabara hakuwa na kitambaa cha kumfunika mtoto hata asivute hewa. Ilipasa kuiendea chemchemi, yaani viwanda vya kusafisha mafuta, na bandari ambamo mafuta huingia, na sheria ziziamuruzo. Mwezi wa Juni 2001 wajumbe wa nchi 25 za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, wakaazimu kuiacha petroli yenye risasi. Mwaka uliofuata, katika mkutano mkuu wa Johannesburg, ulianzishwa ushirika wa serikali na makampuni kwa ajili ya mafuta safi, ukiongozwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake yako Nairobi, hapa hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kikaacha kutia risasi. Kufikia Januari 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimemaliza kazi hiyo. Nchi ya mwisho katika dunia nzima kuacha kuiuza kwa motokaa ilikuwa Algeria, mwezi wa Julai 2021. Shirika lile lilikadiria ya kuwa kwa kuiacha, watu zaidi ya milioni moja na laki mbili huokolewa na mauti ya mapema kila mwaka.

Wala hakuna aliyelazimika kununua motokaa mpya. Lori bovu la mtu maskini liliacha kutoa risasi siku ile ile iliyoacha motokaa ya waziri. Haya ndiyo nisemayo juu ya chemchemi.

Jambo la pili ni salfa, ambayo wazee waliiita kiberiti, nanyi mnalijua jina hilo tangu habari za Sodoma. Salfa haitiwi na mtu. Imo katika mafuta tangu yanapotoka chini ya nchi, nayo ikichomwa hutoa gesi ichomayo kifua, na vumbi jembamba lisiloonekana ambalo huingia ndani ya mapafu. Tena huharibu vyombo vile vinavyofungwa katika motokaa za siku hizi ili kusafisha moshi, hata motokaa nzuri huchafua kama ya zamani. Kuiondoa kunawezekana: mafuta hupashwa moto mwingi yakasukumwa kwa nguvu pamoja na gesi ya haidrojeni, nayo haidrojeni huishika salfa na kuitoa. Salfa ile haitupwi. Hukaushwa ikawa unga wa manjano, na wakulima wa Mtwara hupuliza unga wa namna hiyo juu ya mikorosho yao kuzuia ugonjwa wa ukungu. Kitu kimoja ni sumu kifuani na dawa juu ya mti. Nashangaa kwa hekima ya Muumba kila nikikumbuka.

Tangu Januari 2015 Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zilikubaliana kwamba dizeli iingizwayo isizidi sehemu 50 za salfa katika sehemu milioni. Ili kila mtu afahamu: katika kilo 1,000 za dizeli isizidi gramu 50, kiasi cha konzi ndogo. Kabla yake ilikubaliwa mara kumi ya hiyo, na katika miaka ya nyuma zaidi hata kilo kadhaa. Nchi za Ulaya zimejiwekea sehemu 10 tangu 2009, kwa hiyo safari yetu haijafika mwisho. Lakini nchi hizi zilitenda vema kutenda pamoja, maana malori hayajui mipaka.

Afrika ya Magharibi mambo yalichelewa. Mwaka 2016 shirika la Uswisi liitwalo Public Eye lilifunua ya kuwa makampuni makubwa ya biashara yalikuwa yakichanganya mafuta yenye salfa nyingi makusudi kwa ajili ya nchi za Afrika, mafuta ambayo katika Ulaya yangekataliwa. Sheria hawakuivunja, kwa kuwa sheria za nchi zile, Ghana ikiwa mojawapo, ziliruhusu hata sehemu 3,000. Nabii Amosi aliwajua wafanyabiashara wa namna hii: waliongoja sabato iishe ili wamuuzie maskini takataka pamoja na ngano. Nao pia huenda walikuwa na sheria ya kuwatetea. Ghana iliamka, na mwaka 2017 ikashusha kiasi hicho hata 50.

Hapa mtu wa Kigwa aweza kuniambia, "Mchungaji, moshi wetu sisi ni wa kuni jikoni na wa mabani ya tumbaku, motokaa ni chache." Ni kweli, na habari ya mabani na miti yetu ya miombo itahitaji siku yake, wala sitaikwepa. Lakini ndugu, mafuta hayaishii chemchemini. Yana safari, nasi tuko safarini mwake.

Tanzania haisafishi tena mafuta yake. Kiwanda cha TIPER cha Dar es Salaam, kilichoanza kazi mwaka 1966, kilikoma kusafisha zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Hata mafuta ya Uganda, ambayo bomba lake la kwenda Tanga linapita katika mkoa wetu, Nzega na Igunga, yalikusudiwa kusafirishwa yakiwa mabichi. Basi dizeli tunayoitumia huja kwa meli ikiwa imekwisha kusafishwa ng'ambo. Chumvi ya Elisha imekwisha kutiwa. Kuanzia bandarini hata chupa iliyo mezani kando ya barabara, kazi iliyobaki ni moja tu: kutoyachafua tena.

Na hapo ndipo palipotokea aibu yetu wenyewe. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kwa ajili ya huruma, maana ndiyo taa ya maskini. Dizeli ilikuwa na kodi kubwa. Wenye tamaa wakaona tofauti ile, wakanunua mafuta ya taa na kuyachanganya katika dizeli, wakauza yote kwa bei ya dizeli. Mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli, kwa hiyo pampu ya injini husagika. Yakitiwa katika petroli hayaungui yote, moshi huwa mweusi. Na kwa kuwa huweza kuwa na salfa nyingi kuliko dizeli safi, kazi yote iliyofanywa kiwandani hubatilishwa usiku mmoja kwa pipa na mpira wa kunyonyea. Tena pipa lisilosafishwa huweza kuingiza petroli katika mafuta ya taa, na hapo kibatari hulipuka mkononi mwa mtoto asomaye.

Serikali ilifanya mawili. Mwezi wa Septemba 2010 mamlaka ya EWURA ilianza kutia alama katika mafuta, yaani dawa kidogo isiyoonekana kwa macho, itiwayo ghalani, ili mkaguzi akipima kituoni ajue kama mafuta yamechanganywa, au kama ni yale ya kupita kwenda nchi jirani yasiyolipiwa kodi yakauzwa njiani. Hilo ni jema. Kisha katika bajeti ya mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hata shilingi 400.30, ili bei zikaribiane na mchanganyaji asipate faida.

Fikirini neno hili la pili. Sisemi kwamba serikali ilikosa. Sijui njia nyingine ambayo ingaliwezekana upesi hivyo. Lakini nani alilipa? Mjane mwenye kibatari kimoja, ambaye hajawahi kushika usukani wala kuona pipa la dizeli, alilipa kwa ajili ya dhambi ya mtu mwenye lori. Jioni alipopunguza utambi ili mafuta yafike Jumamosi, hakujua ya kuwa anatumikia adhabu ya mwingine. Siku hizi wengi wamepata taa za jua au umeme, namshukuru Mungu. Lakini walikuwapo watoto waliolala mapema miaka ile kwa sababu nuru ilikuwa ghali, na miaka ya shule haimngojei mtu. Mchanganyaji husema, "Ni biashara tu, sikumwibia mtu." Hakika alimwibia mwenye lori pampu yake, akaliibia taifa kodi yake, akamwibia mtu apitaye njiani pumzi yake, na mwishoni akamwibia mjane nuru yake. Tena alifanya hivyo bila kuwaona usoni, ndiyo maana dhamiri yake ililala.

Ninyi wa Uyui mnaijua dhambi hii kuliko watu wengine, kwa kuwa ninyi ni watu wa asali. Mtu akitia sukari au maji katika asali na kuipeleka mnadani, nani kati yenu atamtetea? Hata asiyesali kanisani humkana. Mnasema ameharibu jina la nchi nzima, maana mnunuzi wa Dar es Salaam hatasema fulani wa fulani ni mwongo, atasema asali ya Tabora ni mbaya. Na mpagazi wa zamani, aliyechukua mzigo wa pembe kutoka hapa hata pwani kwa miezi mitatu, alijua ya kuwa mzigo ule si wake kuufungua. Basi mbona mafuta tumeyafanya kuwa kitu kisicho na sheria ya asali? Naona sababu ni hii: asali hutoka kwetu, na mafuta ni ya wageni, na mtu hujiona hana hatia akimdanganya mgeni kwa mali ya mgeni. Lakini moshi wake hauendi kwa mgeni.

Kijana mmoja auzaye petroli kwa chupa aliniuliza swali la haki. Alisema, "Mchungaji, mimi nikiuza safi, chupa yangu huzidi ya jirani kwa shilingi mia mbili. Waendesha pikipiki huenda kwa jirani, nao wengine ni wa usharika huu huu. Wewe wanihubiri mimi, je, wao?" Sikuweza kumwambia ya kuwa Bwana atamwongezea wateja, kwa kuwa Bwana hakuniahidi hivyo. Nilimwambia asichanganye hata hivyo. Lakini alinifundisha ya kuwa nusu ya mahubiri haya si yake.

Ni yetu sisi wanunuzi. Wazee wa usharika wanajua ya kuwa pikipiki ya uinjilisti hununuliwa mafuta kila juma, na jenereta ya kanisa vivyo hivyo, na risiti hazitazamwi sana ila kwa jumla ya fedha. Kuanzia mwezi huu naomba mtunza hazina asiulize kwanza palipo rahisi, bali palipo safi, hata kama fedha ya mafuta itatosha safari tatu badala ya nne. Waendesha pikipiki wakristo nao wazungumze wao kwa wao juu ya jambo hili. Wanawajua wachanganyaji kwa majina, mimi siwajui. Na muuzaji ye yote atakaye kuacha, na ambaye ana pipa nyumbani la mafuta yaliyokwisha kuchanganywa na hajui afanye nini nalo bila hasara, na aje kwangu Jumatano baada ya ibada ya jioni. Tutakaa pamoja na mzee mmoja wa kanisa tutafute shauri, wala hatutamtaja kwa watu.